Fukushima: serikali iliwaficha watu au ilizidiwa? Na sisi wa pwani tuulize nini

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi Kilifi: "Shikamoo daktari. Tangu ile habari ya kituo cha nyuklia kupendekezwa Uyombo watu huku hawajatulia, kila baraza ni Fukushima, Fukushima. Wengine wanasema serikali ya Japani iliwaficha watu wake, wengine wanasema hakuna hata mmoja aliyekufa na mionzi, ni uoga tu. Nani mkweli? Na kitu kama kile kikitokea mtu wa kawaida anaambiwa nini, anakimbilia wapi, na hivyo vidonge vinavyosemwa ni vya nini? Mume wangu ni mvuvi, naye anauliza habari ya samaki."

Marahaba mwalimu. Kwanza mi si daktari wa sindano, kazi yangu ni usalama wa mionzi, sanasana hospitalini kwenye mashine za eksirei na zile za kutibu saratani, ila jina la daktari nimeshalizoea basi twende nalo. Hao wanaobishana barazani kwenu kila mmoja ameshika nusu ya ukweli na ameing'ang'ania. Fukushima ndo kesi tunayofundishana kila mwaka, na kila nikiisoma upya naona shida kubwa haikuwa fizikia. Shida ilikuwa mabasi, simu, wazee waliolala hospitalini, na ramani moja iliyokuwepo ofisini ambayo haikumfikia mtu aliyekuwa anaihitaji usiku ule.

Ya kwenye kinu chenyewe nitayapitia haraka maana sio swali lako. Tarehe 11 Machi 2011 saa nane na dakika 46 mchana tetemeko la 9.0 likapiga chini ya bahari, vinu vitatu vilivyokuwa vinafanya kazi Fukushima Daiichi vikajizima vyenyewe kama vilivyotakiwa. Lakini kinu kikizimwa hakipoi. Wewe ni mtu wa pwani unajua kupalia wali, ukishauondoa moto chini yale makaa ya juu ya mfuniko bado yanaivisha, basi fimbo za urani nazo zinaendelea kutoa joto siku na siku na lazima maji yazunguke. Umeme wa nje ulikatwa na tetemeko, jenereta zikawaka, halafu kama dakika 50 baadae tsunami ya mita 14 hivi ikaja juu ya kituo ambacho hesabu zake zilitegemea mawimbi ya mita 5.7. Jenereta nyingi zilikuwa chini kwenye basimenti, maji yakaingia, zote zikafa isipokuwa moja ya kinu namba 6. Kilichofuata ni vinu vitatu kuyeyuka ndani na haidrojeni kulipua majengo. Na hao wenye kituo, TEPCO, walikuwa wameshapiga hesabu mwaka 2008 ikawaonyesha wimbi linaweza kufika mita 15.7, wakaiweka pembeni ichunguzwe zaidi. Hiyo ndo sababu tume ya bunge chini ya Kiyoshi Kurokawa iliandika 2012 kwamba lile janga ni la kutengenezwa na binadamu, japo mahakama ya juu kabisa ya Japani 2022 ilisema serikali haiwezi kubebeshwa fidia kwa sababu hata ingelazimisha ukuta ujengwe huenda bado maji yangepita. Watu wa Fukushima hawajaipenda hukumu hiyo, na mi nawaelewa.

Sasa tuje kwenye swali lako. Angalia masaa, mwalimu, masaa ndo yanasema kila kitu.

Saa moja na dakika 3 usiku serikali kuu inatangaza dharura ya nyuklia lakini haimwambii mtu ahame. Saa tatu kasoro dakika 10 mkoa wa Fukushima unaona hapana, unaamua wenyewe, walio ndani ya kilomita 2 waondoke. Nusu saa baadae serikali kuu inasema kilomita 3, na wa mpaka 10 wajifungie ndani. Alfajiri saa kumi na moja na dakika 44 sio 3 tena, ni 10, yaani wale wale walioambiwa jana jifungieni leo wanaambiwa kimbieni. Saa tisa na dakika 36 mchana kinu namba 1 kinalipuka. Saa kumi na mbili na dakika 25 jioni ni kilomita 20. Tarehe 15, baada ya namba 3 na namba 4 nazo kulipuka, walio kati ya 20 na 30 wanaambiwa wajifungie ndani, na wakaachwa humo siku kumi, malori hayataki kuingia, maduka yamefungwa, petroli hakuna, hadi tarehe 25 wakaambiwa basi kama mnataka ondokeni kwa hiari. Kwa hiari! Mtu umfungie siku kumi halafu umwambie uamuzi ni wako.

Kila oda ukiitazama peke yake ina sababu yake. Lakini jiweke wewe, una mama mzee na watoto wawili, umeondoka na kandambili na pochi ukidhani kesho unarudi, ukafika kwenye shule fulani ukalala sakafuni, asubuhi unaambiwa hapa pia sio salama, inuka. Familia nyingi zilihama mara nne, mara tano. Na tume ya bunge ilipowauliza wakazi ikakuta kwamba wakati ile oda ya kilomita 3 inatolewa, kwenye mji wenye kituo ni asilimia 20 tu waliokuwa wanajua kuna ajali. Asilimia 20, na wanaliona bomba la moshi la kituo kutoka uani kwao.

Halafu kuna kitu hakisemwi sana. Pwani ya mji wa Namie, jirani na kituo, pale Ukedo usiku wa tarehe 11 wazimamoto walisikia sauti za watu chini ya vifusi vya tsunami. Walipanga warudi asubuhi na vifaa. Asubuhi ikaja oda ya kilomita 10, Ukedo ni ndani ya 10, wakaondoka. Ukiniuliza mionzi iliua nani, hao hawamo kwenye hesabu yoyote ya mionzi.

Haya, ramani. Japani walikuwa na sistimu ya kompyuta inaitwa SPEEDI, kazi yake hiyo tu, unaipa upepo na milima na kiasi cha mionzi inakuchorea wingu litaelekea wapi. Ilifanya kazi toka siku ya kwanza. Tatizo vipimo vya pale kituoni vilikufa pamoja na umeme kwa hiyo hakuna aliyejua kiasi gani kinatoka, wakaingiza namba ya kukisia ili angalau wapate mwelekeo. Maofisa wakasema hesabu ya kukisia hatuwezi kuitangaza, watu watataharuki. Ikatangazwa kwa wananchi tarehe 23 Machi, siku 12 baadae, wakati jeshi la Marekani lilishapewa tarehe 14. Hapo ndo neno "waliwaficha" lilipozaliwa na mi sioni namna ya kulikataa.

Kwa sababu sikia kilichotokea. Namie hawakupigiwa simu na mtu yeyote kutoka Tokyo, meya wao, Tamotsu Baba, habari ya kuhama aliipata kwenye televisheni kama mtu mwingine yeyote. Wakaamua wenyewe, wakawapeleka maelfu ya watu mlimani Tsushima, kilomita kama 30 kaskazini magharibi, mbali na kituo, ukiangalia duara kwenye ramani ni uamuzi mzuri tu. Wakakaa tarehe 12 mpaka 15, watoto wanacheza nje. Na tarehe 15 mchana upepo ambao muda mwingi ulikuwa unasukuma kuelekea baharini ukageuka ukaelekea kaskazini magharibi, jioni ikanyesha mvua na theluji, na mvua ndo inayoyateremsha yale mavumbi kutoka hewani yakashika udongo. Wakati huo ndo Namie wanahama tena, lakini mavumbi yameshawapata, wamekimbia moto wakaingia kwenye moshi. Karibu yao kijiji cha Iitate, kilomita 40 hivi toka kituoni, nje ya kila duara, wenyeji wake walikuwa wanapokea wakimbizi na kuwapikia. Tarehe 30 Machi shirika la atomiki la umoja wa mataifa likasema udongo wa Iitate umepita kiwango cha kuhamisha watu. Serikali ikawatangazia kuhama tarehe 22 Aprili. Mwezi na zaidi tangu ile mvua inyeshe.

Kwa haki niseme pia upande wa pili, maana kuna wenzangu wanaitetea SPEEDI kupita kiasi. Hesabu zile zilikuwa za kukisia kweli, na hata tume ya bunge ilikiri haikuwa chombo cha kutegemea kwa kila oda ya saa zile za kwanza. Sawa. Lakini mtu aliyeko Tsushima hakuhitaji bekereli ngapi, yaani kipimo cha wingi wa mionzi, alihitaji kuambiwa tu "upepo leo unakuja kwenu, sogeeni kusini magharibi au ingieni ndani mfunge madirisha." Hilo lingetosha. Mvuvi yeyote angekuambia.

Kwanini haikusemwa? Hapa sio mtu mmoja mbaya, ni nyumba iliyojengwa vibaya. Kila kituo cha nyuklia Japani kilikuwa na jengo lake la kusimamia dharura, la Fukushima lilikuwa Okuma, kilomita 5 tu kutoka kwenye vinu, na halikuwa na filta za hewa ingawa wakaguzi wa serikali walishasema mwaka 2009 ziwekwe. Yaani jengo la dharura ya mionzi haliwezi kukaliwa kukiwa na mionzi. Simu zilikatika, tarehe 15 wakalihama. Basi kila kitu kikaenda kuamuliwa Tokyo, kwenye ofisi ya waziri mkuu Naoto Kan ambaye asubuhi ya tarehe 12 alipanda helikopta kwenda kituoni mwenyewe, na msimamizi wa kituo Masao Yoshida akalazimika kuacha kazi akampokee mgeni. Yoshida huyo huyo baadae jioni aliambiwa na wakubwa wake asimamishe maji ya bahari aliyokuwa anaingiza kwenye kinu, akajibu ndio kwenye simu kila mtu asikie, pembeni akawaambia vijana wake endeleeni. Maji yakaendelea kuingia kwa sababu mtu mmoja alidanganya mabosi wake, haya ndo mambo ambayo hayaandikwi kwenye mpango wowote. Na mdhibiti wa nyuklia, yule wa kuwakaba TEPCO, alikuwa idara ndani ya wizara ile ile inayotangaza nyuklia. Mchezaji na refa wanalala chumba kimoja. Septemba 2012 wakatenganishwa, ikaundwa mamlaka mpya inayojitegemea.

Sasa yule wa pili barazani, anayesema hakuna aliyekufa. Kamati ya kisayansi ya umoja wa mataifa inayofuatilia mionzi imesema mpaka sasa hakuna madhara ya kiafya kwa wakazi yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi ya ile ajali, na kwa wafanyakazi serikali ya Japani imetambua kifo kimoja cha saratani ya mapafu, 2018. Watoto kama laki tatu walipimwa tezi ya koo, wamekutwa wenye saratani zaidi ya waliotarajiwa, ila wataalamu wengi wanaona ni kwa sababu ukimmulika kila mtoto kwa mashine nzuri utakuta vivimbe ambavyo vingelala humo maisha yote. Ubishi huo haujaisha na wazazi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo hapo yuko sahihi.

Lakini muulize hivi: waliokufa kwa kuhamishwa unawaweka wapi? Mkoa wa Fukushima una vifo zaidi ya 2,300 vilivyosajiliwa kama vinatokana na janga, sio maji ya tsunami, ni kuhamishwa, baridi, dawa kukatika, msongo, wengine kujiua. Wanazidi waliouawa na tsunami yenyewe mkoani humo, ambao ni kama 1,600. Hospitali ya Futaba ndo mfano ninaowapa wanafunzi wangu halafu nawaacha wanyamaze kidogo. Iko chini ya kilomita 5 kutoka kituoni. Tarehe 12 mabasi yakaja yakabeba 209 wanaoweza kutembea. Wakabaki wasioinuka kitandani, na jirani yake nyumba ya wazee yenye watu 98. Hawakuja kuchukuliwa mpaka tarehe 14. Na walipochukuliwa waliwekwa kwenye basi la kawaida, wamekalishwa, watu wenye mirija, likazunguka zaidi ya kilomita 200 kwa masaa kama kumi kwa sababu lazima wapimwe mionzi kwanza na hospitali za karibu hazipokei, wakashushwa kwenye jimu la shule ya sekondari huko Iwaki. Wengine walikata roho ndani ya basi. Jumla walikufa zaidi ya 40. Dozi ambayo wangepata kama wangebaki siku mbili tatu ndani na madirisha yamefungwa, wana manesi na maji na dripu, isingemuua hata mmoja wao wiki ile.

Watafiti waliofuatilia nyumba za wazee Minamisoma walikuta vifo baada ya kuhamishwa vilipanda karibu mara 2.7, lakini tofauti kati ya nyumba na nyumba ilikuwa kubwa, palipoandaliwa pa kufikia na wahudumu wakaenda na wazee wao hali ilikuwa nyingine kabisa na palipokurupukwa ndo misiba. Kwa hiyo mwalimu ukisikia mtu anasema dawa ya nyuklia ni kukimbia, mwambie inategemea nani anakimbia, na gari gani, na anapelekwa wapi.

Vidonge. Hivyo ni iodini ya kawaida, sio dawa ya mionzi. Kinu kikipasuka kinatoa iodini yenye mionzi, na tezi ya koo haijui kubagua, inanyonya tu. Ukimeza iodini safi mapema tezi inashiba, ile mbaya ikija inakuta nyumba imejaa. Ni kwa tezi tu, haizuii sesiamu, ile nyingine yenye mionzi inayotoka kinuni, wala kitu kingine, na inafaa umeze kabla au ndani ya masaa machache, ukimeza kesho yake umemeza chumvi. Wa kwanza ni watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, mzee wa miaka 60 hana sababu kubwa. Fukushima vidonge vilikuwepo kwenye maghala ya halmashauri lakini vinasubiri amri kutoka juu, na ushauri wa wataalamu kwamba vitolewe uliishia njiani kati ya ofisi na ofisi. Mji mdogo wa Miharu, kilomita 50 hivi, tarehe 15 waliangalia upepo na mvua wakaamua wenyewe kuwagawia wakazi wao wa chini ya miaka 40. Mkoa ukawaambia rudisheni, nani kawaruhusu? Wakakataa. Miharu ndo mashujaa wangu kwenye hadithi hii yote. Poland mwaka 1986 walifanya kitu kinachofanana, Moscow haijawaambia chochote kuhusu kinu kilicholipuka Chernobyl, vipimo vyao wenyewe vikaruka, ndani ya siku chache wakawapa iodini watoto zaidi ya milioni 10. Upande wa Usovieti watoto waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani yenye iodini ile, na saratani za tezi zikaja kwa maelfu. Na tafadhali chumvi ya dukani yenye madini joto haifanyi kazi hiyo, ungehitaji kula kilo za chumvi ndo ufikie kidonge kimoja, 2011 watu walikuwa wanagombania chumvi madukani huko China, bure kabisa.

Kwenye chakula na maji serikali ilianza vibaya ikaja kujifunza, na hapa niwasifu. Tarehe 23 Machi maji ya bomba Tokyo yalikutwa na iodini bekereli 210 kwa lita, kiwango cha mtoto mchanga ni 100. Wakaitaja namba, wakasema ni kwa watoto wachanga tu, mtu mzima anywe, wakagawa chupa za maji kwa kila familia yenye mtoto mchanga, kesho yake iliposhuka wakasema imeshuka. Watu walikimbilia madukani ndio, lakini taharuki ile waliyoiogopa sana haikutokea. Watu wakipewa namba na sababu wanatulia kuliko wakipewa "msiwe na wasiwasi".

Pengine walichemsha. Julai nyama ya ng'ombe yenye sesiamu ikafika sokoni kwa sababu wafugaji walionywa juu ya majani mabichi lakini hakuna aliyekumbuka mabua ya mpunga yaliyokuwa nje shambani. Na Aprili walipoweka milisiverti 20 kwa mwaka (milisiverti ni kipimo cha dozi ya mionzi anayoipata mtu) kuwa kiwango cha viwanja vya shule, mshauri wa waziri mkuu mwenyewe, profesa Toshiso Kosako, alijiuzulu akilia mbele ya kamera, anasema hawezi kukubali kiwango hicho kwa watoto. Mi binafsi nadhani 20 kwa kipindi kifupi inaweza kutetewa kitaalamu, ila huwezi kumletea mama wa mtoto wa darasa la kwanza namba ya watu wazima bila kukaa naye chini. Baadae wakabandua udongo wa juu viwanjani, jambo ambalo wangeanza nalo.

Chakula kiwango kilikuwa bekereli 500 kwa kilo, Aprili 2012 kikashushwa hadi 100. Na mchele wa Fukushima wakaupima mfuko kwa mfuko, sio sampuli, kila mfuko unapita kwenye mashine, kama milioni 10 kwa mwaka, na tangu mavuno ya 2015 hakuna hata mmoja uliopita kiwango. Udongo waliobandua nao ni kama mita za ujazo milioni 14, umepelekwa Okuma na Futaba kwenye eneo la kilomita za mraba 16 na sheria inasema mpaka 2045 uwe umetolewa nje ya mkoa. Uende wapi? Kila mkoa mwingine unatazama pembeni.

Mwambie mume wako hivi kuhusu samaki. Wavuvi wa Fukushima waliacha wenyewe, wakaanza tena majaribio Juni 2012 na pweza na konokono wa baharini kwanza, maana hao ndo walikuwa wanapimwa safi, halafu aina moja moja ikiongezwa kadri vipimo vinavyoruhusu. Samaki wa chini wanaokaa mchangani ndo walichelewa. Yale maji ya vinu wanayomwaga baharini tangu 24 Agosti 2023 yamechujwa, yanabaki na tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ambayo haichujiki, wanaichanganya na maji ya bahari mpaka iwe chini ya bekereli 1,500 kwa lita, mi kisayansi hayanitishi. Lakini mvuvi hauzi sayansi, anauza samaki, na China ilipofunga soko siku ile ile hakuna bekereli iliyomsaidia. Kwa hiyo fidia ya jina kuharibika iandikwe kwenye sheria kabla, sio baada.

Na nyinyi sasa. Mi sitakuambia mkatae au mkubali, tena siku hizi hata Siaya, kule magharibi, inatajwa kuwa mahali pa kituo. Kenya ina sheria ya 2019 iliyounda mamlaka ya udhibiti mbali na wakala wa kukuza nyuklia, hapo mko mbele ya Japani ya 2011, kwenye karatasi. Ila kwenye kikao msiishie kuuliza "ni salama?" maana jibu mnalijua. Ulizeni duara lenu ni kilomita ngapi na mabasi yanatoka wapi. Japani siku hizi ndani ya kilomita 5 watu wanapewa vidonge mapema nyumbani na wanaondoka kwanza, mpaka 30 wanajifungia ndani kwanza wakisubiri vipimo. Nzuri, lakini Machi 2021 mahakama ya Mito ilikizuia kituo cha Tokai namba 2 kuwashwa kwa sababu kuna watu 940,000 ndani ya kilomita 30 na hakuna mpango wa kueleweka wa kuwatoa. Na tetemeko la Noto, 1 Januari 2024, lilikata barabara na kubomoa nyumba karibu na kituo cha Shika, sasa hapo huwezi kukimbia barabara haipo, huwezi kujifungia nyumba haipo.

Uyombo nikiitazama kwenye ramani naona barabara kubwa ni ile ile moja ya Mombasa na Malindi, ukishuka kusini una daraja la Kilifi, ukipanda kaskazini una daraja la Sabaki. Tsunami ya 2004 ilifika mpaka huku ikiwa imechoka. Kaskazi ikivuma moshi unakwenda Kilifi na Mombasa, kusi ikivuma unapanda kuelekea Watamu na Malindi, kwa hiyo mpango wa Disemba hauwezi kuwa ndo mpango wa Julai, na mtu akiwaletea duara limechorwa na kompasi halina upepo ndani yake mrudishieni. Ulizeni nani hasa, jina la cheo, ana mamlaka ya kusema "hameni" bila kupiga simu Nairobi. Ulizeni vipimo vya hewa vitakuwa na betri ya siku ngapi na namba zake mtaziona nyinyi wenyewe au mpaka ziidhinishwe. Ulizeni wagonjwa wasioinuka kitandani hospitali ya Malindi watabebwa na nini na watapokelewa wapi, na hiyo hospitali ya kupokea imekubali kwa maandishi? Vidonge vya shuleni kwako vitakaa kwenye kabati la nani, na wewe mwalimu una ruhusa ya kulifungua?

Hili la mwisho mi ningelianza nalo.